Wimbo Nilioula

Ukumbi ule ni wangu, kwa hiyo nilikaa meza ya mbele na hakuna aliyethubutu kunihamisha. Niliujenga hapa Kihonda kwa kabichi na karoti za milimani, nilizozishusha kichwani miaka mingi kabla sijazishusha kwa lori. Shule yangu ni darasa la tatu na miezi kidogo. Nayasema haya mapema, rafiki yangu, usije ukadhani unasimuliwa na msomi.

Mjukuu wangu anaolewa, na wenzake wakamfanyia kicheni pati. Wakaamua iwe ya Paris. Sikuuliza Paris imeingiaje katika ukoo wetu. Walisimamisha mnara wa maboksi uliopakwa rangi ya dhahabu, wakavaa kofia za duara kama vifuniko vya sufuria, na mafunzo ya ndoa akayatoa mwanamke wa kukodiwa ambaye kila baada ya maneno matatu alitazama saa. Hayo niliyameza. Ukifika umri wangu unakuwa umemeza mengi. Kisha akaingia kijana mwenye gitaa.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tunaimbiwa wimbo wa mapenzi wa Kifaransa, wa mdomo mtupu na mkono mtupu, bila mashine. Wanawake wakainua simu. Kijana akafumba macho, akakunja uso kama mwenye msokoto wa tumbo, na sauti tamu ikatoka. Ilikuwa inatoka kwenye kompyuta. Nilijua kabla mstari wa kwanza haujaisha, kwa sababu mimi nilimwangalia mkono wa kushoto. Alikuwa ameshika shingo ya gitaa vile mtu anavyoshika mpini wa jembe akiwa anapumzika. Wimbo ulipanda, ukageuka, ukashuka, na vidole vimelala palepale. Nusu dakika tu, akafungua macho, akainama. Makofi. Picha zimepatikana, yamekwisha.

Nilishikwa na kinyaa. Mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Na mate yale yalikuwa na ladha ninayoifahamu. Ilikuwa ladha ya nyama ya mtegoni, niliyoila nikiwa msichana, na sijaweza kuitema mpaka leo.

Kwetu ni juu, upande ule wa Uluguru ambako ukungu hushuka saa nane mchana na kuku wakadhani kumekuchwa. Watu wa mjini wakipanda siku hizi wanapiga picha na kusema ni pazuri. Waende wakachote maji kule asubuhi ya mwezi wa saba, halafu watupe habari. Mashamba yetu yalikuwa yanening'inia. Ukiangusha boga, unaliokota kwa mtu wa chini. Asubuhi magimbi ya kuchemsha, mchana maharage, jioni maharage yaleyale na ugali. Nyumba ilinuka moshi, nguo zilinuka moshi, mpaka vitabu vya shule vilinuka moshi. Nilipenda harufu ile na siombi radhi kwa mtu.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, shamba ni la upande wa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa bibi, alikaa ng'ambo ya bonde na alikuwa mtegaji hodari. Mweke akilini.

Jirani yetu alikuwa seremala. Ufundi aliupata kwa Bruda mmoja Mfaransa wa misheni, mzee mwenye ndevu zilizojaa vumbi la mbao, aliyekuwa anapiga randa huku anaimba. Bruda alipozeeka akarudishwa kwao, na akamwachia jirani vitu viwili, sanduku la randa na gitaa. Pamoja na gitaa alimwachia wimbo. Mmoja tu. Kifaransa kingine jirani hakuwa nacho. Asingeweza hata kuomba maji. Lakini wimbo ule aliujua beti zote saba, na maana yake alielezwa.

Ni habari ya mchungaji wa milima ya huko kwao. Alishuka na kondoo saba kwenda mnadani, theluji ikamkuta njiani. Mkewe amekaa mlangoni anasikiliza kengele. Kila ubeti kondoo mmoja anarudi, na mke anamuuliza, bwana wako umemwacha wapi? Ubeti wa saba anarudi kondoo wa mwisho, na shingoni amefungwa kitambaa cha mchungaji. Wimbo unaishia hapo. Haukuambii kama mke alilia. Mimi nilipenda hilo, kwamba haukuambii.

Nilimuuliza jirani theluji ndiyo nini. Akasema Bruda alimwambia ni ukungu uliochoka ukaanguka chini. Kwa sisi watu wa ukungu, ilitosha.

Nilikuwa naenda karakana kwake kila jioni kukusanya maranda ya kuwashia moto wa bibi. Nakusanya polepole. Siku moja akanikalisha juu ya gogo akanipa gitaa, na usidhani nilipiga. Majuma mawili mazima nilifundishwa kukaza nyuzi tu. Kaza, sikiliza, legeza, sikiliza. Nikikosea anaendelea kupiga msasa mpaka nione aibu mwenyewe. Nyuzi zilikuwa za chuma, zilinikata vidole, bibi akawa ananipaka utomvu wa mgomba. Baada ya miezi miwili ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kisigino, nami nikajivuna nazo kuliko msichana mwingine alivyojivunia shanga.

Kifaransa nacho kilinipa kazi. Maneno yake yanapitia puani. Jirani alikuwa ananibana pua, ananiachia, ananibana tena, kama mtu anayejaribu filimbi. Bibi akipita anasema, "Jirani, ukiivunja hiyo pua utamwoa wewe." Lakini bibi huyohuyo alikuwa na neno lake moja alilolirudia katika kila kitu, kwenye kutwanga, kwenye kusuka mkeka, kwenye sala: "Kinachobaki ni kinachorudiwa." Kwa hiyo nilirudia. Beti mbili zikakaa kichwani na mkononi, nikaziimba kwa sauti yangu yote karakana ikavuma.

Ndipo nikavunja ungo.

Kwetu wakati ule msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Hatoki, haonwi na mwanamume, hasikiki sauti. Siku ya pili yake mwalimu wa shule alikuja mpaka uani kuuliza mbona sionekani. Mjomba akamjibu, "Amekua." Mwalimu akasema, "Aa, basi," akaenda kufuta jina. Nilimsikia kupitia ukutani. "Aa, basi." Ndiyo maneno ya mwisho ya elimu yangu.

Wako wenye digrii wanaoandika juu ya mila yetu kana kwamba chumba kile kilikuwa na dirisha. Hakikuwa nalo. Kilikuwa na mkeka, chungu cha maji, panya, na harufu ya mafuta ya nyonyo niliyopakwa kutwa mara mbili mpaka nikawa nateleza kama kambale. Kwenda uani nilifunikwa kanga gubigubi. Somo yangu, mwanamke wa kunifunda, alinifundisha mengi. Mengine yana maana hata leo na mengine ni upuuzi mtupu. Kuzungumza ni kwa mnong'ono. Miezi tisa. Nilifikiri wimbo wangu umekwisha.

Juma la kwanza, jioni, nikasikia gitaa limeanza kulia nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ukuta wa chumba changu. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigogo chetu anapiga ubeti wa tatu, ule nisioujua. Anapiga polepole kupita kiasi. Mtu mzima hapigi vile ila anafundisha. Kuzungumza na mwali hakuruhusiwi, na hakuzungumza. Alifika mwisho wa ubeti, akanyamaza.

Nikanong'ona, "Bibi, pale katikati sijashika."

Bibi alikuwa uani anamenya maharage. Kisha nikamsikia anapaza sauti, "Jirani! Hapo katikati rudia, mwanangu. Masikio yangu ya kizee hayajashika."

Akarudia.

Ikawa ndiyo desturi. Kila jioni bibi yangu, mwanamke aliyekuwa hana hata meno ya mbele, akawa mwanafunzi wa Kifaransa. Mimi nanong'ona ndani, yeye anapaza nje. "Jirani, hicho kidole cha tatu kinakaa wapi?" "Jirani, hilo neno lina pua au halina?" Kijiji kizima kikajua kwamba bibi amerukwa na akili. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni akasimama pale njiani.

"Mama wee, meno huna, hicho Kifaransa utakitafunia wapi?"

"Kifaransa hakitafunwi," bibi akamjibu. "Kinapulizwa puani. Na pua ninayo, tena kubwa kuliko yako."

Nilicheka nimejiziba mdomo kwa mkeka.

Asubuhi moja bibi akaingia na ubao. "Jirani ameleta kuni," akasema, uso mkavu. Kuni gani ile iliyopigwa randa na msasa! Ilikuwa na upana wa shingo ya gitaa, imechorwa mistari sita ya msumari na alama za kukanyaga vidole. Haina nyuzi, haitoi sauti. Nikaufanyia mazoezi kwenye giza. Vidole vinakwenda, mdomo unanong'ona, kondoo wa tatu akarudi, wa nne akarudi, wa tano, mpaka wa saba. Hakuna mtu aliyenisikia, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Beti hizo tano nilizijua bila kuwahi kuzitoa kooni. Kitu kimoja tu nilikuwa nakisubiri kule ndani, na sikuwa nasubiri nguo mpya wala ngoma wala mume. Nilitaka nitoke, nishike nyuzi za kweli, niisikie sauti yangu ikipita beti zote saba.

Mwezi wangu wa nane mle ndani jirani akapata kazi mjini, karakana ya reli. Jioni yake ya mwisho alikuja ukutani, akapiga wimbo mzima. Kisha akasema kwa sauti, na nilijua anamwambia nani, "Bibi, mwanafunzi wangu, umehitimu. Gitaa nakuachia. Siku ya kumtoa mwali nitapanda. Nikikusikia umeimba beti saba bila kusimama, litakuwa lako moja kwa moja. Ukishindwa nalichukua."

Bibi akasema, "Sitashindwa, mwanangu." Sauti yake ilikuwa na machozi, na bibi yangu hakuwa mtu wa machozi.

Akalifunga gitaa kwa kanga yake kuukuu, akalipandisha darini juu ya meko, mahali mahindi yanapokaushwa ili yasiliwe na wadudu. Kuta za ndani hazikufika paani, kwa hiyo nikiwa nimelala nilikuwa naweza kulitazama pale juu. Sioni kitu, ni giza, lakini nilitazama.

Kumtoa mwali ni shughuli ya mjomba. Yeye ndiye anayealika, anayetafuta wapigaji wa ngoma, anayeleta kitoweo. Na mjomba alitaka sifa. Hakutaka kuku, kuku kila mtu anao. Alitaka nyama ya porini. Siku moja bibi akiwa shambani, mjomba akapanda darini kutafuta kamba. Mimi nilikuwa nimefunikwa kanga, maana mwali hamwangalii mjomba wake. Nikasikia anapekua. Nikasikia kanga inafunguliwa. Nikasikia kitu kama ndege mdogo anayelia, tiii, halafu kingine, halafu kingine kizito zaidi. Mara sita. Rafiki yangu, nilijua ni nyuzi za gitaa zinalegezwa. Nilijifunza sauti ile majuma mawili mazima.

Sikusema kitu. Nilifikiri anajaribu tu. Nilifikiri atazikaza tena. Zaidi ya yote nilifikiri kwamba mwali hasemi na mjomba wake, na nikatii. Alikifunga kile chombo kwenye kanga vizuri kama alivyokikuta, akateremka, akaenda zake. Bibi aliporudi nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema ni mawazo yangu tu. Nayaandika hivyohivyo yalivyokuwa. Sitaki mtu anihurumie kwa kosa nililolifanya mwenyewe.

Siku ikafika. Nilitolewa asubuhi, jua likanichoma macho kama pilipili. Nilikuwa mweupe, mnene, ninang'aa mafuta, nimefungwa kanga mpya na shanga. Wakanibeba mabegani, ngoma zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka bonde likajibu. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Kwa siku ile moja kijiji kizima kilikuwa kinakutazama wewe, binti wa watu maskini, kana kwamba wewe ndiye mvua.

Wakanikalisha mkekani, na sahani ya kwanza ikaletwa kwangu. Nyama. Miezi tisa nilikula maharage, na kabla ya hapo pia maharage. Ilikuwa imebanikwa kwanza, kisha ikapikwa kwa nazi iliyopandishwa kutoka mjini na bizari. Nilikula kwa mikono miwili. Nilivunja mifupa nikainyonya. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na nimekula kwenye hoteli ambazo hao wenye mnara wa maboksi hawajaingia.

Jirani alikuwa amepanda tangu alfajiri, amevaa shati jeupe. Alikaa na wanaume, naye akala, akaomba aongezwe. Alinitazama kwa mbali akagusa sikio lake. Nikaelewa: nimekuja kusikiliza.

Ndipo mjomba akasimama, amechangamka kwa pombe ya miwa.

"Mpwa wangu, mnyama huyo umemwonaje?"

Nikainamisha kichwa. Wanawake wakanijibia, "Mtamu, mjomba!"

"Funo wawili na ndezi wanne," akasema. Funo ni paa mdogo wa msituni, na ndezi ni yule mnyama wa kwenye nyasi anayefanana na panya aliyenenepeshwa, mtamu kuliko mbuzi. "Siku sita, wanyama sita. Mnajua kwa nini? Waya! Waya wa kizungu! Kamba za katani wanazikata, ule waya hawakati. Nyembamba nikategea ndezi, nene nikategea funo. Kila uzi na mnyama wake. Mama alikuwa ameuficha kwenye lile sanduku la muziki, umekaa bure. Nikasema, bora umlishe mpwa wangu siku yake."

Watu wakapiga makofi. Wakamsifu, na alistahili sifa kwa jinsi wao walivyoona. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alipanda na kushuka bonde lile siku sita kwa ajili yangu. Hilo nalo linaniudhi. Ningependa awe mbaya, nimchukie nipumzike.

Bibi alitoka jikoni na sahani yake mwenyewe. Akatembea mpaka mbele ya mwanawe, mbele ya wanaume wote, akaimwaga nyama miguuni pake. Kwetu mama hamfanyii hivyo mtoto wake aliyeshika ukoo. Ngoma zikanyamaza.

"Mama, kuna nini?" mjomba akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Ni waya tu. Gitaa lenyewe lipo, sikulivunja."

Jirani akaenda kulileta mwenyewe. Akafungua kanga. Lile shimo la gitaa lilikuwa limebaki wazi kama mdomo wa mtu asiye na meno. Akapitisha kidole mahali nyuzi zilipokuwa, moja, mbili, mpaka sita, kisha akatazama mkono wake uliokuwa bado una mafuta ya nyama. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kile kigogo chake, nasi sote tukamsikia anatapika.

Akarudi, amenawa uso. Akaja mpaka mbele ya mkeka wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami baada ya miezi tisa.

"Imba hivyohivyo," akasema. "Bila nyuzi. Nimepanda mlima kukusikia."

Nikafungua mdomo. Na kilichopanda si wimbo. Nilicheua ile nyama, na mwenyewe nikasikia utamu wake. Nikafunga mdomo. Akangoja. Bibi akasema, taratibu sana, "Mjukuu wangu, anza pale mwanzo, halafu utarudia." Sikuanza. Nilikaa pale na shanga zangu nikatazama chini, kama mwali mwema, mpaka watu wakaona aibu wakaanza kupiga ngoma tena.

Jirani alishuka mlima kabla ukungu haujafika. Hakulichukua gitaa wala hakuniambia ni langu. Miaka mitatu baadaye nilipoanza kushusha kabichi mjini, nilikwenda karakana ya reli kumuulizia. Wakaniambia alihamishwa bara, huko mbele kabisa. Nikauza kabichi zangu, nikapanda. Kila aliyetoka bara nikamuulizia mpaka nikachoka. Gitaa bibi aliliacha darini; baadaye kuku akaliingia akatotolea humo. Vifaranga kumi na mmoja. Bibi alipofariki lilishaliwa na mchwa, nilikuta shingo tu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuna pale meza ya mbele. Nikainuka. Wajukuu wakadhani nataka kwenda msalani. Nikapanda jukwaani.

"Shikamoo bibi," yule kijana akasema.

"Marahaba. Nipe hilo."

"Bibi, hili... hili ni la kupigia picha tu."

"Nyuzi linazo?"

Akalitazama, kama vile hajawahi kuliuliza swali hilo. "Zipo. Ila zimelegea."

"Basi nipe."

Nikakaa kwenye kiti chake. Kaza, sikiliza, legeza, sikiliza. Ukumbi ukaanza kuguna, mshereheshaji akaanza kuchekesha watu, "Jamani bibi yetu anatengeneza redio!" Nikamwambia anyamaze kwenye ukumbi wangu, akanyamaza. Ngozi ngumu ya vidole ilikwisha zamani. Kabichi huotesha ngozi ngumu mahali pengine. Nyuzi zikanikata kama siku ya kwanza. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza ukatoka. Sauti ya mwanamke mzee, nzito, lakini ni sauti. Simu zote zikainuka. Ubeti wa pili, kondoo wa pili akarudi, mjukuu wangu amejishika kifua. Nikaingia ubeti wa tatu, na sauti ikakatika.

Maneno yalikuwepo. Yote yalikuwepo, na pua zake. Lakini koo halikuwa linayajua. Beti zile tano nilizijifunza kwa mnong'ono, na zikatoka kwa mnong'ono, nikijaribu kuzisukuma hazisukumiki. Midomo yangu inakwenda, vidole vinakwenda, na kipaza sauti hakishiki kitu.

Ndani ya kimya kile nilikuwa nasubiri. Unajua nilikuwa nasubiri nini? Mtu mmoja, katika wanawake mia wa ukumbi mzima, aseme, "Bibi, hapo rudia, hatujashika." Ningerudia. Ningerudia mpaka sauti itoke. Nimeona mengi yamekwisha kule kwetu, misitu imepungua, mito imekonda, chumba cha mwali kimefungwa na sikililii. Lakini huyo mtu wa kukaa nyuma ya ukuta na kusema rudia, huyo alikwenda wapi? Wanafundisha ndoa nzima kwa dakika arobaini na hakuna aliyeuliza kitu mara mbili.

"Makofi kwa bibi yetu!" mshereheshaji akapiga kelele. "Bibi katuua! Bibi katumaliza!" Wakapiga makofi, muziki wa kompyuta ukafunguliwa, wakaanza kucheza kuelekea kwenye chakula. Yule kijana alikuwa ameshainamia simu yake.

Mimi sikusimama. Nilinong'ona chini ya kelele zao ubeti wa nne, wa tano, wa sita. Nilinong'ona wa saba, kondoo wa mwisho akaingia uani na kitambaa shingoni. Beti saba bila kusimama. Kwa hiyo gitaa ni langu, jirani, popote ulipo, ingawa nililila.

Nikamrudishia kijana pambo lake, nikateremka mezani kwangu. Mpishi alikuwa amenitengea sahani ya mbele kabisa, kama heshima, imejaa nyama ya kubanika, inang'aa mafuta.

"Karibu, bibi, anza wewe."

Nikamwambia aiondoe. Nimeshiba.